Tosha Hatupwi

Tosha alikuwa mbwa mdogo wa aina ya teria, mgumu kama jiwe. Kasiva alimlea tangu akiwa mtoto, akimtoa kupe kila jioni na kumpeleka chanjo bila kukosa. Lakini uzeeni jino likaoza, shavu likavimba, akakataa chakula.

Mutuku, shemeji wa Kasiva, akaja na kamba. "Huyu amezeeka. Wacha nikammalize huko kichakani. Niko na jirani mbwa wake amezaa, nitakuletea mwingine."

"Haendi popote na wewe," Kasiva akasema. "Ulipoumwa jino, shemeji, nani alikupeleka kichakani?"

Mutuku akamsogelea mbwa. Kasiva akasimama kati yao, jembe mkononi, hadi mwanamume akaondoka akinung'unika. Kisha Kasiva akambeba Tosha mgongoni kwa leso, akapita sokoni Katelembo mchana kweupe akielekea kwa daktari wa mifugo. Watu wakacheka.

"Chekeni," akawaambia, bila kupunguza mwendo.

Daktari alimpima Tosha kwanza. "Moyo wake ni wa kijana, mama. Umemtunza." Akamdunga sindano ya usingizi, akaling'oa lile jino.

Jumapili Tosha alikula matumbo, akamngurumia kuku aliyesogelea sahani. Kasiva akamwongezea.