Palizi Isiyoombwa

Kazi ya mwisho ya kozi ya kuandika programu za kompyuta ilikuwa na sharti moja: kila mwanafunzi asome programu ya mwenzake, amwandikie makosa aliyoyaona, wala asiiguse. Kura ikamwangukia Merina kusoma programu ya Yosefina.

Hapo ndipo uzito ulipoanzia. Merina alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amepanga chumba Ifakara mjini. Yosefina alikuwa muuguzi wa zahanati kule Mbingu, mama wa watu wazima, na katika kundi zima ndiye pekee ambaye Merina alimwamkia kabla ya kumwuliza lolote. Programu yake ilikuwa ya kliniki: unaiandikia siku aliyozaliwa mtoto, yenyewe inakupa tarehe za kumrudisha kila mwezi kupimwa uzito.

Merina akaisoma mara mbili. Kwenye mstari wa kumi na tisa akakuta mtoto aliyezaliwa Januari thelathini na moja anaambiwa arudi Februari thelathini na moja.

Akaandika, "Shikamoo mama. Umekosea..." Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Angeanzaje kumhesabia makosa mtu wa umri wa mama yake? Na kwao Mofu, watu wanapopaliliana mpunga kwa zamu, hakuna anayesimama pembeni akinyoosha kidole: pale kuna gugu, na pale. Ukiliona unainama, unang'oa, unasonga mbele.

Basi akainama. Akarekebisha mstari wa kumi na tisa, kisha wa ishirini, kisha, mkono ukiwa umeshapata moto, akaipanga upya nusu ya programu. Akairudisha na ujumbe: "Nimekupalilia kidogo, mama."

Yosefina alikuwa ametoka zamu hoi, na muda wa kuwasilisha unakwisha. Akadhani ni maneno mawili matatu tu yamenyooshwa. Akaituma kama ilivyo.

Jumamosi, kundi zima likiwa mtandaoni, Mwalimu Joachim akamwuliza, "Mama, tueleze mstari wa kumi na tisa unafanya nini."

Yosefina akausogelea mstari, akausoma.

"Huo siujui, mwalimu."

"Huujui mstari wako?"

"Sasa nimdanganye nani? Siujui."

"Basi kazi si yako. Nakupa hadi Jumatatu saa kumi. Ulete unayoweza kuieleza, la sivyo jina lako nalitoa kwenye orodha ya vyeti."

Kijana mmoja aliyesahau kuzima maiki akacheka. "Kumbe bi mkubwa kakopi!"

Masikio ya Merina yakawaka. Angenyamaza, nani angejua? Ujumbe ule ulikuwa kwenye simu ya Yosefina tu, na Yosefina hakumtaja. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Niliandika mimi. Yeye hakuniomba."

"Alama zako za usomaji umezikosa zote," Mwalimu akajibu. "Mama, Jumatatu yako iko palepale."

Jioni Merina akampigia Yosefina, akamwamkia na kuomba radhi.

"Marahaba," Yosefina akaitikia kwa ukavu. "Nani alikuomba jembe?"

"Niliona haya kukuambia umekosea, mama."

"Mimi wagonjwa wananiambia kila siku sindano yangu inauma, na sijafa. Ukaona bora niumbuke mbele ya watoto?" Akavuta pumzi. "Kesho baada ya misa uje. Mikono uiache Ifakara."

Alipofika Mbingu, akaikuta kompyuta mezani, programu ni ileile ya kwanza na magugu yake yote. Merina akaketi, viganja ameviweka chini ya mapaja.

"Mstari wa kumi na tisa, mama. Mtoto wa Januari thelathini na moja anarudi lini?"

Yosefina akajaribu, akasoma jibu, akaangua kicheko. "Februari thelathini na moja! Maskini, huyu atazeeka hajapimwa." Kisha akatulia. "Wewe ulimpa tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane. Siku ya mwisho ya mwezi."

Yosefina akatazama kalenda ya parokia ukutani. "Jumamosi. Kliniki yetu ni Jumanne. Unamtoa mzazi huko mashambani, mtoto mgongoni, aje akute kufuli?"

Merina naye akaitazama kalenda. Ile kazi yake safi ingewafikisha akina mama kwenye mlango uliofungwa, naye asingejua kamwe, kwa kuwa hakuuliza.

"Haya, tunamsogezaje hadi Jumanne?" Yosefina akauliza, na mkono wa Merina ukachomoka wenyewe kuelekea kompyuta.

"Mkono!"

Ukarudi chini ya paja.

Ikawachukua mchana mzima. Merina akisema tu, hapo, hapana, rudi juu, mama; Yosefina akibonyeza kwa kidole kimoja, akisonya, akifuta, akianza upya.

Jumatatu, saa kumi kasorobo, Mwalimu Joachim akauliza, "Mstari wa kumi na tisa?"

"Huyo ni mtoto wa Januari, mwalimu. Anarudi Jumanne ya kwanza ya Machi. Nikueleze kwa nini si Jumamosi?"

"Nieleze."

Akaeleza. Akaeleza kalenda, kufuli, njia ya mashambani, na jinsi programu inavyohesabu siku moja moja mpaka iiguse Jumanne.

"Inatosha, mama," Mwalimu akasema. "Nimeshakuandika kwenye orodha."

"Subiri kwanza," Yosefina akasema. "Sijafika mstari wa ishirini."