Mtihani wa Koplo Kufuli

Mtu mwenye ndoo kichwani alipoingia kituoni akipiga kelele, askari wote walimgeukia Koplo. Hakimu mmoja, ambaye naye alikuwa kwenye mafunzo pamoja nao, akanong'ona, "Huyo ndiye muigizaji aliyeletwa kuigiza mgonjwa. Mtihani umeanza."

Koplo alisogea mbele. Kwa wepesi wake wa kufungia watu, wenzake walimpachika jina la Kufuli, na mkuu wa kituo alishamwambia wazi: akifeli mtihani huu wa kuhudumia wagonjwa wa akili, anavuliwa cheo. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemsweka ndani jamaa mmoja aliyekuwa akiongea peke yake getini.

Alifanya kama nesi aliyewafundisha alivyosema. Akavua kofia, akaweka rungu mbali, akachuchumaa mpaka magoti yakalia ko!

"Karibu, ndugu yangu. Unaogopa nini?"

"Nyinyi!" sauti ikatoka ndani ya ndoo. "Mlinivunja mkono hapa hapa!"

Huyu fundi, Koplo aliwaza, maneno yake kayashika barabara. Akaweka mkono kifuani, akatia na huzuni kidogo usoni. "Tulikukosea. Nisamehe, mdogo wangu."

Ndoo ikavuliwa taratibu, na mwenyewe akakaa sakafuni, akamshika Koplo kidole, akaanza kulia. Hakimu akapiga makofi, na askari wakamfuata.

Mama mmoja akaingia mbio, kiatu kimoja mkononi. "Nawaomba, msimpige tena mwanangu!" Alipowaona wameshikana alisimama ghafla. "Koplo amemwomba radhi," hakimu akamweleza, bado akipiga makofi. "Amemwomba radhi?" mama akamuuliza. "Tangu wamvunje mkono, hajatokea askari wa kutuomba radhi."

Makofi yakaisha. Kutoka mahabusu mtu akapaza sauti: "Jamani, muigizaji ni mimi! Pale getini nilikuwa nakariri maneno yangu tu!"

"Wote husema hivyo," askari mmoja akajibu kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo.

Koplo aliutazama mkono ulioshika kidole chake. Ulikuwa umeunga vibaya, na yeye aliikumbuka siku ile. Aibu ilimjaa, akatamani ile ndoo aivae yeye.

"Koplo, funguo za mahabusu!" nesi alimwita.

Akazirusha nyuma bila kugeuka.

"Mdogo wangu," alisema, na safari hii hakuweka mkono kifuani, "mimi ndiye niliyekupiga. Nisamehe."

Yule mtu alimtazama sana, akayatazama na magoti ya Koplo yaliyochoka kuchuchumaa. Kisha akaigeuza ndoo, akamsukumia aikalie.