Kuiharakisha Kompyuta ya Shangazi

Kompyuta ya shangazi ilichukua dakika kumi na mbili kuwaka. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani wiki ileile niliyohamia kwake, nikiwa nimetoka chuoni na shahada ya kompyuta, sina kazi, nina hamu tu ya kumfaa mtu. Ilikuwa kompyuta mpakato ya ofisi, nyeusi, nene kama kitabu cha sheria, pembe zimechubuka. Shangazi alikuwa katibu muhtasi wa kampuni ya bima kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu walimwachia mashine yake.

"Maharage yataitangulia!" dada alipiga kelele kutoka jikoni kila aliposikia feni ikianza kunguruma. Dada ni binti yake shangazi. Alikuwa ameacha kazi ya ushonaji ili amwangalie mama yake, kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka. Shangazi alisahau kama amekula. Alisahau majina ya majirani, akawaita wote "mwenzangu" ili asiaibike.

Lakini asubuhi, mbele ya kompyuta ile, alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akiandika habari za nyumba yao ya utotoni, yeye na ndugu zake wanne. Kitinda mimba wao alikuwa baba yangu, aliyefariki nikiwa na miaka miwili. Wengine nao walikuwa wameshatangulia. Yote yaliyobaki kujulikana juu ya utoto wa baba yalikuwa kichwani mwa shangazi, na kichwa hicho kilikuwa kinavuja.

"Umefika wapi, Shangazi?" nilimuuliza siku moja.

"Nimefika kwa baba yako. Usinisukume! Yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kuzaliwa. Mkunga alichoka kungoja akaenda zake nyumbani."

Siku hiyo aliandika mistari kumi na mmoja. Niliisoma alipojilaza mchana. Baba alipotaka kusema uongo, alipiga mluzi kwanza. Aliogopa kuku. Shangazi alipoanguka na baiskeli, yeye ndiye aliyelia, na ikabidi majeruhi ambembeleze mzima. Niliisoma mara tatu, kisha nikapiga hesabu kichwani. Kama mashine isingemlia asubuhi yake, angeandika ukurasa mzima kwa siku. Tungeyawahi maradhi.

Jumamosi nikaifungua. Niliitandikia meza kitambaa cheupe, nikatoa skrubu kumi na tatu na kuzipanga kwenye sahani kwa mfuatano zilivyotoka. Vumbi la kwenye feni lilikuwa limeshikana kama pamba ya mto. Nililitoa kwa brashi laini. Nikafuta dawa ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya. Nikaongeza memori mara mbili ya ile iliyokuwepo, nikabadilisha betri iliyoanza kutuna. Mwisho nikatoa diski ya zamani, ile inayozunguka, nikaweka ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Kabla ya hapo nilinakili mafaili yote na kuyakagua moja baada ya jingine. Sikupoteza hata herufi. Nataka hilo lijulikane.

Nikabonyeza kitufe. Sekunde kumi na tisa. Kimya.

"Kumbe ile shahada si ya kuzibia ufa wa ukuta tu!" dada akapiga makofi. "Mhandisi wetu!"

Jumatatu asubuhi shangazi aliiwasha, akageuka kwenda kunawa mikono.

"Rudi, Shangazi! Imeshawaka!" nilimwita kwa furaha.

Akarudi, mikono mikavu, miwani bado mfukoni. Ukurasa ulikuwa wazi mbele yake, kijistari kikimeta mwishoni mwa mstari wa kumi na mmoja. Akautazama. Kisha akanitazama mimi.

"Hii ni barua ya nani?"

"Ni yako. Ulikuwa umefika kwa baba."

"Baba yupi?"

Nilijipa moyo kwamba ni siku mbaya tu, ameamka vibaya. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Wiki ya pili hakuketi kabisa. Alisimama mlangoni, akaiangalia mashine kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake. "Mwambieni bosi," alisema kwa upole, "mashine yangu bado haijarudi kutoka kwa fundi."

Dada ndiye aliyeligundua, tukiwa tunakunja nguo.

"Unajua alikuwa anafanya nini, ile ikinguruma?" aliniuliza. "Ananawa mikono. Anapangusa meza. Anaweka karatasi sawasawa, anavaa miwani, huku anajisemea: jana nilikuwa kwa nani, jana nilikuwa kwa nani. Mpaka iwake, keshajikusanya. Sasa yako inamfungulia mlango kabla hajafika."

Shati lilinibaki mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje? Na mimi nilikuwa nayaangalia maharage tu."

Siku hiyohiyo nikairudisha diski ya zamani na kutoa memori niliyoongeza. Hata vumbi ningelirudisha kama ningejua namna. Asubuhi shangazi akabonyeza kitufe, na diski ikaanza kukwaruza. Akainua kichwa. Akaenda kunawa mikono. Akapangusa meza, akazipanga karatasi, akavaa miwani, midomo ikimchezacheza. Mimi na dada tulisimama ukumbini, amenibana mkono mpaka unauma. Ilipowaka, shangazi akaketi wima, na vidole vyake vikaanza kugonga, vyepesi, bila kutazama herufi, kama alivyofundishwa akiwa msichana.

Dada akalia kwa furaha. Mimi nikasogea nyuma ya kiti nikasoma.

Alikuwa amefungua ukurasa mpya. *Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili, na ule wa nyuma haukufungwa kamwe.* Niliijua sentensi hiyo. Ndiyo aliyoanzia kitabu chote, mwaka mmoja nyuma.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Kila asubuhi anaandika milango miwili. Zipo siku anafika kwenye ua, na mara moja alifika ukurasa wa pili, mama yao akirudi na kikapu. Kisha anafunga mashine akiwa ameridhika. "Leo nimeanza vizuri," hutuambia. Mimi huhifadhi kila ukurasa na tarehe yake. Mistari kumi na mmoja iko palepale, na haijapata wa kumi na mbili.

Juzi nilishindwa kujizuia. Nikachuchumaa kando ya kiti chake. "Shangazi, na yule mdogo wenu wa mwisho, utamwandika lini?"

Alicheka, akanipigapiga begani kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Mdogo gani, mwanangu? Sisi tuko wanne. Mama ndiyo kwanza ana mimba. Mwache azaliwe."

Nikamwambia sawa, nitangoja.