Neno la Mwenye Wavu

Fimbo kumi na nne. Ngosa alizihesabu mwenyewe, kwa sababu alijua mwisho ni sita. Karatasi ya sheria ilibandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya Mwalimu Bwembya, mkuu wa shule, na Ngosa ndiye aliyefagia ofisi ile kila asubuhi. Mpe mtu ufagio mbele ya maandishi mwaka mzima, atayasoma tu. Fimbo zisizidi sita. Ziandikwe kitabuni. Na mwanafunzi aadhibiwe kwa kosa la shuleni au la njiani, basi.

Kosa lake halikuwa la shuleni wala la njiani. Jumamosi alikuwa ziwani, kwenye mtumbwi wa mjomba wake Mutale, akipiga maji kwa gongo refu ili samaki wakimbilie wavuni. Watu wa Ziwa Mweru huita kazi hiyo kutumpula. Mwaka ule wa hamsini na sita ilikuwa imekatazwa, na kapasu, askari wa chifu, akamtambua Ngosa kutoka ufukweni kwa kaptula yake ya shule. Hakumfuata Mutale, maana Mutale alikuwa akimpa samaki. Alikwenda kwa Bwembya.

Bwembya alichapa mpaka akachoka, kisha akasema Ngosa atafukuzwa. Mtihani wa Standadi Siksi ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Ngosa hakulia. Alikwenda kwa Padri, mzungu msimamizi wa shule, akamsomea karatasi yote kwa kichwa.

"Karatasi inasema kweli," Padri akasema. "Lakini wewe unalala bweni. Kama ulikuwa ziwani kwa neno la mtu wa kwenu, Jumamosi ile ni yake, na Mwalimu hana fimbo juu yako. Kama ulitoroka, ulikuwa wetu. Mjomba wako aje Jumatano aseme."

Ngosa alitoka akipiga mluzi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Huku Mweru hakuna anayepiga maji kabla mwenye wavu hajasema "Piga". Hata mzee mwenye mvi, akishika gongo, hungoja neno. Ukitangulia, samaki hukimbilia upande usio na wavu, na nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo kila aliyesikia kwamba Ngosa alipiga maji alijua Mutale alisema. Kilichobaki ni Mutale kulirudia neno lake.

Alimkuta mjomba akishona wavu.

"Yama," akamwita, kama wanavyowaita wajomba huko kwao, "utakuja Jumatano?"

"Unaniuliza? Mutoto ya dada yangu!" Mutale alitupa sindano chini. "Mutu akiwa mu mutumbwi yangu, iko mutu yangu. Nitamwambia ule muzungu mu macho. Geuka, nione mugongo."

Alipouona alitokwa na machozi. Akampaka mafuta kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mama.

Jumatano Mutale alikuja na koti la harusi. Lakini ofisini, pembeni ya Padri, alikuwa amekaa kapasu, daftari gotini. Kumpa kapasu samaki kwa siri ni jambo moja. Kusema mbele yake na mbele ya Padri ni kifungo. Mutale aliliangalia lile daftari, na Ngosa akamwona akilowa jasho kwapani.

"Wewe ulimwambia apige maji?" Padri akauliza.

"Mimi? Hapana, Padri. Sheria minajua. Huyu alichukua mutumbwi yangu bila kuomba."

"Yama!"

"Usiniite. Ndiyo watoto ya siku hizi, Padri. Wanasoma, halafu wanaiba."

Bwembya alicheka mpaka akashika meza. "Bwana wakili! Karatasi yako inasemaje hapo?"

Ulimi hauna mfupa, lakini Ngosa hakujua kwamba wa mjomba wake ungepinda kiasi kile. Padri alimwambia Bwembya kwamba fimbo kumi na nne zilizidi, asirudie tena. Kisha akatia sahihi barua ya kumfukuza. Hiyo ndiyo haki aliyopata Ngosa: kuambiwa kwamba fimbo nane hazikuwa zake. Akabeba sanduku lake kichwani, akarudi nyumbani.

Ijumaa asubuhi Mutale alisimama mlangoni na gongo mkononi.

"Usikasirike, mutoto. Wangenifunga. Na shule ya nini? Mikono yako iko ya wavu. Sasa tutavua kila siku, si Jumamosi tu."

Alikuwa akitabasamu. Hapo Ngosa aliona kwamba mjomba hakuogopa tu. Alikuwa pia amepata faida. Mama yake, jikoni, hakuinua uso. "Nenda," akasema. "Tutakula nini?"

Akaenda.

Wakatandaza wavu karibu na matete, nusu duara. Mtumbwi wa Chalwe, jirani yao, ulikuwa hatua chache tu. Matete yakatikisika: samaki walikuwa ndani, wengi.

"Piga," Mutale akanong'ona.

Ngosa alikaa, gongo juu ya magoti.

"Piga, mutoto!"

"Nani amesema?"

"Mimi! Uko kiziwi?"

"Sema kwa sauti, Yama. Baba Chalwe asikie. Mwenye wavu ni nani?"

Chalwe alicheka kutoka upande wa pili. "Mutale! Mutoto anakuuliza! Umekuwa bubu?"

Mutale aligeuka kutazama ufukwe. Kapasu alikuwa pale, akisukuma baiskeli yake mchangani polepole.

"Ngosa," akasema chini chini. "Ninakuomba."

"Jumatano nilikuomba mimi."

Matete yakatikisika tena, safari hii upande wa nje. Samaki walikuwa wameupata uwazi, wanatoka. Mutale alifungua mdomo, akatazama ufukwe, akaufunga. Ngosa akalilaza gongo chini mtumbwini, kavu kama lilivyotoka nyumbani, akashika kasia.