Chetezo cha Bi Suad

Lile soko la zamani la Harrow, huku kwa Waingereza, lenye paa la makuba ambalo wajenzi wake waliiga masoko ya Waturuki, sasa ni makumbusho ya mji. Mama yangu mdogo, Bi Suad, aliuza udi humo mpaka wauzaji wote walipotolewa.

Kabla ya ufunguzi alikuja nyumbani Rupa, binti anayefanya kazi makumbusho, Mhindi ambaye wazee wake ni wa Mombasa. Akanywa chai, akasema kwa Kiswahili kizuri tu, "Mama, tunaomba kile chetezo chako cha shaba, kwa ajili ya ufunguzi."

Chetezo hicho ni cha marehemu bibi, kimetoka Pemba. Kila bibi harusi wa ukoo wetu amefukizwa kwa hicho. Bi Suad akakisugua kwa ndimu mpaka kikang'aa, akampa. Hakuuliza kitarudi lini. Kwetu mtu akiwa na shughuli, masinia na masufuria hutoka nyumba hii yakaenda ile, na shughuli ikisha yanarudi. Anayeuliza lini, huyo bahili.

Wiki ya harusi ya binti yake Bi Suad, Najla, tukapanda basi kwenda kukichukua.

Kibanda chake cha udi tulikikuta kimezungushiwa kamba. Ndani wamesimamisha sanamu ya plastiki ya mwanamke aliyevaa buibui, na chetezo kimefungiwa kwenye kabati la kioo.

"Huyu ndiye mimi?" akauliza Bi Suad. "Mbona mwembamba hivi? Mlininyima chakula?"

Rupa, aliyetupokea, akacheka. Alipoambiwa tumefuata nini, kicheko kikakatika.

"Mama, si ulitupatia? Kimeshakuwa mali ya makumbusho. Hakitoki."

"Nilikuazima, mwanangu. Shughuli yako imekwisha, sasa nina yangu."

"Hukusema unatuazima."

"Na bibi yako kule Mombasa, akichukua sinia la jirani, alingoja kuambiwa arudishe?"

Rupa akatazama chini. Nilikuwa nikimwangalia uso, alijua desturi hiyo.

"Si mimi, mama, kuna wakubwa. Lakini mleteni bibi harusi apige picha hapa. Hatutawatoza kiingilio."

"Na kumfukiza je?"

"Moto hauruhusiwi."

"Basi muozesheni huyo wa plastiki," akasema Bi Suad, akanishika mkono tukatoka.

"Mum, it's fine," Najla akasema tulipofika nyumbani, macho kwenye simu.

Siku ya harusi tulimfukiza kwa chetezo cha umeme nilichonunua kwenye maduka ya Wahindi, Southall. Wanawake wakauliza cha Pemba kiko wapi.

"Kiko makumbusho," akasema Bi Suad.

Vigelegele vikapigwa. "Hongera, shoga! Umekuwa mtu mkubwa! Na jina lako wameliandika?"

"Wameliandika."

Mimi kule makumbusho kibao cha maelezo chini ya kile kioo nilikisoma taratibu, maana Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Kimeandikwa: chetezo, shaba, Mombasa. Basi.

Nikampisha apokee hongera zake.