Taipureta ya Mhispania

Jumanne moja asubuhi, mwaka uliofuata mvua za El Niño, Ndunge alifuta vumbi kwenye taipureta, akatia karatasi na kuanza kupiga barua aliyopewa na meneja. Ofisi ilikuwa ndani ya shamba la maua, nje kidogo ya Kitengela. Taipureta hiyo ililetwa na mwenye shamba wa kwanza, Mhispania aliyeitwa Don Evaristo, ambaye baadaye aliuza kila kitu akarudi kwao. Siku ya kuaga alimwonyesha Ndunge herufi K na W. Ziling'aa kama sufuria mpya, huku zile nyingine zimechakaa. Alisema katika lugha yao hizo mbili karibu hazina kazi, ni za kilo na wiski tu.

Barua ilimhusu Wathome, kaka yake Ndunge, aliyekuwa akinyunyizia maua dawa. Zamani wanyunyizaji walipewa barakoa, na wakimaliza zamu walipewa pakiti ya maziwa ya kukata sumu. Kahiga, meneja mpya, aliondoa barakoa, kisha akaondoa na maziwa. Macho ya Wathome yalizima akiwa kazini, bomba la dawa mgongoni. Sasa barua ilisema kwamba aliacha kazi kwa hiari yake wiki mbili kabla ya kuugua. Afisa wa leba alikuwa akiingojea Kajiado. Akiikubali, shamba halitampeleka Wathome hospitali, na daktari alishasema jicho la kushoto linaweza kuokolewa wasipochelewa. Uongo mchana kweupe, tena wenye tarehe.

Barua ilipofika katikati, K na W zilishuka kwenye mashine. K iliruka kwanza, W ikafuata ikiyumba. Herufi nyingine zilibaki. Zilikuwa zimepiga uongo wa kila aina tangu Uhispania, hazikuona jipya. Hizi mbili hazikuwa zimezoea. Zilipita getini, askari akaziandika kitabuni: zimetoka saa tatu na nusu.

Ndunge alimaliza barua ikiwa na mapengo kila mstari. Kahiga aliitazama.

“Hii mashine iko na shida gani?”

“K na W zimeenda Kajiado, bosi.”

“Kufanya nini?”

“Kusema ukweli.”

“Sasa si ujaze na biro? Watu wanatafuta kazi kama yako wako wengi hapo geti.”

Ndunge alikuwa na watoto watatu na chumba cha kupanga mtaa wa Noonkopir. Alichukua biro. Alijaza nakala ya afisa, kisha ya Wathome, akimlaani Kahiga kwa kila herufi, na akijilaani mwenyewe zaidi.

Huko Kajiado, K na W zilikaa kwenye benchi pamoja na watu wengine hadi zikaitwa. Afisa aliziambia kwamba shahidi lazima awe na kitambulisho, zirudi Jumatatu. Barua ya shamba ilipofika alasiri, aliigonga muhuri papo hapo.

Jioni Ndunge alimpelekea kaka yake nakala. K na W zilikuwa zimeshafika, zimekaa kitandani. Zilisogea akapata pa kukaa. Alimsomea Wathome barua yote, bila kuruka neno.  Wathome aliomba karatasi, akaigeuza na kuipapasa nyuma polepole kwa kidole gumba.

“Herufi zingine ni za mashine,” alisema. “Hizi ni za mkono.”

“Ni za mkono.”

“Mkono wako. Umefinya biro mpaka karatasi karibu itoboke. Ulikuwa na hasira.”

“Sana, kaka.”

“Na ukaandika,” Wathome alisema.