Chumvi ya Bahari Imezidi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko jikoni kwangu, hapa Tukuyu, nakaanga vitunguu, na vitunguu vinakataa kuwa vya kahawia.

"Badilikeni," naviambia.

"Kahawia ipi?" kinauliza kimoja. "Kuna kahawia ya chai na kuna kahawia ya viatu."

"Ile ya kwenye runinga."

Vikaelewa. Vikabadilika vyote kwa mara moja, kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu dirishani.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ambalo si ndoto. Desemba hii tunakwenda likizo pwani, Bagamoyo: mimi, mume wangu Gwakisa, na binti yetu Bupe aliyemaliza darasa la saba. Nafasi ya nne kwenye basi ni ya mama yangu mzazi, Subilaga, tunayeishi naye tangu baba afariki. Mama hataki kwenda. Hajawahi kufika baharini maisha yake yote. Lakini kila jioni, kabla ya taarifa ya habari, kuna kipindi cha mambo ya pwani, na yeye huvuta kiti mpaka karibu kabisa na kioo, huangalia mawimbi, halafu husema, "Nimeshaiona. Inatosha."

Kwa mama kila kitu kinatosha. Shingo ya kuku inamtosha. Ukoko unamtosha. Kanga iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki, nayo inamtosha. Mimi nimeapa kwamba safari hii atakwenda, hata ikibidi nimbebe mgongoni. Nililala na kiapo hicho.

Basi, jikoni. Namimina tui la nazi, na kutoka sebuleni namsikia mtangazaji wa kile kipindi cha pwani akinielekeza mapishi. "Weka mchele," anasema. Naweka mchele. "Weka chumvi kiasi," anasema. Nanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, na mlango wa uani unagongwa.

Anaingia bwana mmoja mfupi, mtu wa makamo, amevaa suti ya kijivu. Kwenye mfuko wa juu, pale watu wanapoweka kalamu, ana kijiko cha chai.

"Umeniita," anasema. "Mimi ndiye Kiasi."

"Karibu, Bwana Kiasi."

"Chumvi, kiasi. Pilipili, kiasi. Maji, kiasi. Kila nyumba wananitaja, na hakuna hata mmoja anayenipa kiti."

Nikampa kigoda. Hakukaa. Alichota chumvi kidogo, akaiangalia kwa jicho moja, akairudisha nusu, akatia iliyobaki, na wali ukaiva hapo hapo.

"Naomba ruhusa," akasema. "Nina kazi baharini." Akatoka, lakini si kwa mlango aliouingilia. Alipitia sebuleni.

Nikamfuata. Sufuria nikaibeba mkononi, kwa sababu chakula hakiachwi peke yake motoni, na chenyewe kilishaniambia, "Usithubutu."

Sebuleni namkuta Gwakisa na Bupe kwenye kochi. Kiti cha mama kitupu. Mama yumo ndani ya runinga. Amesimama ufukweni, mbali na maji, amevaa sweta na soksi, amejikunyata kama anasubiri gari asubuhi yenye ukungu.

"Baba Bupe, mama kaingiaje humo?"

"Alivuta kiti karibu," anajibu Gwakisa. "Akavuta tena. Akavuta tena. Nilipoangalia, nikaona kiti peke yake."

"Na wewe umekaa tu unatazama?"

"Mtangazaji amesema tusiende popote."

Nikawaangalia vizuri. Kweli, nyuzi za kochi zilikuwa zimetoka na kujishona kwenye suruali yake, na nyingine kwenye sketi ya Bupe.

"Hata mimi, mama," Bupe akasema. "Nilitaka kwenda chooni, haiwezekani."

Mtangazaji, dada mwenye hereni kubwa, anageuka kwenye kona ya kioo na kunitazama usoni. "Mtazamaji, kaa chini."

"Nataka kumfuata mama yangu."

"Mtazamaji kazi yake ni kutazama."

"Mimi sijatazama chochote. Nilikuwa jikoni. Siku zote kipindi hiki kikianza mimi niko jikoni."

Akafikiri. Akainama akanong'ona na mtu ambaye sikumwona. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya upole kidogo. "Sawa. Wewe unaruhusiwa, baada ya matangazo. Ila fahamu kwamba kipindi kikiisha, atakayekuwa bado ufukweni ndiyo basi. Mtamwona Jumamosi, kwenye marudio."

"Jumamosi hii?" akauliza Gwakisa.

"Kila Jumamosi. Atafanya yale yale."

Mama yangu, kila Jumamosi, amejikunyata pale pale, na sisi kwenye kochi tukimwonyesha wageni. Nikapandisha gauni, nikakanyaga meza ya runinga, nikaingia.

Baada ya matangazo maana yake ni kwamba lazima uyapite. Kwanza napita kwenye povu la sabuni linalonifika magotini. Mwanamke mwenye meno meupe anafua shati ambalo tayari ni safi.

"Dada, umeshaijaribu hii?"

"Nina haraka."

"Hata mimi nilikuwa na haraka," anasema, na hapo naona macho yake yamechoka. "Nikaijaribu."

Namkwepa. Mbele kuna mwanaume amelala kwenye godoro katikati ya njia. Ananisihi nijilaze kidogo tu, nisikie lilivyo. Miguu inauma, sufuria ni nzito, na godoro kweli linaonekana zuri. Namruka.

Halafu chini ya miguu yangu sakafu ikaisha, ukaanza mchanga.

"Tumpe," mama akaniita kwa jina aliponiona. "Umekuja na sufuria?"

"Nimekuja kukupeleka kwenye maji."

"Nimeshayaona, mwanangu. Si hayo pale."

Kati yetu na bahari, Bwana Kiasi ameketi kwenye kiti cha plastiki, kijiko mkononi. "Kila mgeni hupewa kiasi chake," anatangaza. Anakwenda mpaka majini, anachota kijiko kimoja cha bahari, anakuja nacho taratibu kisimwagike, anakidondoshea juu ya soksi ya mama.

"Asante, baba," mama anasema. Anaitazama soksi yake. "Inatosha."

"Haitoshi!"

"Tumpe, usipige kelele mbele za watu."

"Watu gani?"

Akaonyesha juu. Kule angani kulikuwa na dirisha kubwa, na ndani yake Gwakisa na Bupe wamekaa kwenye kochi lao, wakubwa kama milima. Gwakisa akanipungia mkono.

Nikashusha sauti. "Mama, mbona hutaki? Niambie leo. Hapa hakuna jirani wala ndugu."

Mama alivuta uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta.

"Naogopa nitaipenda," akasema.

"Sasa hilo ni la kuogopa?"

"Nikiipenda, Tumpe, ile miaka yote niliyokaa bila kuijua nitaifanya nini?"

Nilisimama na sufuria yangu, mvuke wa wali unanipiga usoni, na jambo pekee lililonijia nikalisema: "Sijui, mama. Vua soksi."

Akacheka kidogo kwa pua. Lakini alivua. Moja, kisha ya pili, akazikunja pamoja kama anavyozikunja nyumbani, akazitia mfukoni.

Bwana Kiasi akasimama njiani, mikono ameitanua. "Ameshapewa kiasi chake."

"Nishikie hii mara moja," nikamwambia, nikampa sufuria.

Alikuwa mtu mwenye adabu. Aliipokea kwa mikono miwili, kijiko kikamwanguka. Ilikuwa ya moto, hakuwa na pa kuiweka, na kila alipotaka kuitua sufuria ilimwambia, "Usithubutu."

Sasa njia ilikuwa wazi, lakini mama hakusogea. Kumvuta nisingeweza. Ukimvuta mama yangu anakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikawaza. Huyu mtu anapenda nini zaidi ya kukataa? Nikainama, nikalowesha kidole kwenye wimbi la karibu, nikakilamba, nikatikisa kichwa.

"Nini?" akauliza.

"Hamna kitu. Naona tu bahari yao haijakolea chumvi."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimeonja."

"Wewe," akasema mama, "ulimi wako tangu utotoni hauna kipimo. Uliwahi kuniambia maharage ya msiba wa babu yako yamekolea, watu wakala kwa kunisitiri."

"Basi onja wewe."

Mama yangu anaweza kukataa gauni jipya, anaweza kukataa hata matibabu, ila hajawahi kukataa kuonja. Alikunja kanga, akashuka, akanyoosha kiganja. Wimbi likarudi nyuma. Akapiga hatua, likarudi tena. "Mbona linakimbia hili?" akasema, na akaanza kulifukuza, ameinama, mkono mbele, kama mtu anayekamata kifaranga. Alikwenda hivyo mpaka mahali ambapo mchanga haujawahi kukanyagwa, na hapo maji yote yaliyokuwa yakimkimbia yakageuka na kumjia pamoja, yakamfika kiunoni.

Hakupiga kelele. Alichota kwa kiganja, akaonja. Bwana Kiasi akaacha kuhangaika na sufuria. Bupe, kule angani, akaziba mdomo kwa mikono.

"Imezidi!" mama akasema.

Akatema. Akachota tena, akaonja tena kuhakikisha. "Imezidi kabisa! Nani kapika hii? Hii hata ukiiwekea mvua ya Tukuyu ya mwaka mzima haipungui!" Na akaanza kucheka. Lilikuwa cheko la msichana, la kutoka tumboni, na wimbi jingine likampiga mgongoni, akazidi kucheka, sweta limevimba maji pembeni yake.

"Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo mbele yangu," Bwana Kiasi akasema kwa masikitiko. "Palipozidi, mimi sina kazi." Akayeyuka kuanzia viatu kwenda juu, bila ugomvi, na sufuria ikabaki imekaa salama juu ya suti yake.

"Na hapo ndipo tunapofika tamati," ikasema sauti ya mtangazaji.

Ukingo wa anga ukaanza kuwa mweusi. Weusi ukaja ndani kutoka pande zote, ukaila minazi, ukaila kiti cha plastiki.

"Mama, toka! Kipindi kinaisha!"

"Ngoja kidogo."

"Mama!"

"Haijatosha, Tumpe."

Miaka yote nimelingoja neno hilo, na lilichagua wakati gani. Niliingia majini na gauni langu, nikamshika kiuno, lakini alikuwa anaelea, anateleza, anacheka. Nikapaza sauti kuelekea dirishani, "Baba Bupe! Fanya kitu!"

Gwakisa akabonyeza rimoti. Haikufanya kazi. Akaipiga kiganjani kama kawaida yake, haikufanya kazi. Kisha nikamwona mume wangu, mtu ambaye hainuki hata simu yake ikiita, akikaza meno na kuinuka. Aliinuka na kochi. Nyuzi hazikukatika, kwa hiyo kochi lote lilisimama pamoja naye, Bupe akining'inia upande wa pili, na akaja nalo hatua kwa hatua mpaka kwenye kioo. Akaingiza mkono. Mkono ukashuka kutoka angani, na saa yake, na kovu lake la pasi, ukatandazwa juu ya maji mbele yetu.

"Mama, shika!" akaunguruma.

Mama akasita. "Siwezi kumshika mkwe wangu mkono. Si heshima."

"Mshike kidole basi!"

Akafikiria. Kidole aliona kinakubalika. Akakikumbatia kidole kidogo, mimi nikamkumbatia yeye, na weusi ulipotufikia miguuni tukanyanyuliwa.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha, na ukungu umeshuka mpaka dirishani. Gwakisa alikuwa anakoroma. Kutoka jikoni nilisikia mama akipuliza mkaa. Nilibaki kitandani kidogo nikiiwaza ile ndoto, nikajiambia kwamba leo sitamwomba tena, nitamfungashia nguo zake bila kuuliza. Nikainuka nikachukua ufagio, nikaanza na sebule.

Ufagio ukakwaruza.

Udongo wa kwetu ni mweusi, unanata, haukwaruzi. Niliinama. Kwenye sakafu, kuanzia chini ya meza ya runinga mpaka mlango wa chumba cha mama, kulikuwa na mchanga mweupe, laini kama unga wa sembe.

Nikabaki nimeinama. Mama akatokea mlangoni na kikombe chake cha chai, akautazama mchanga, akanitazama mimi.

"Acha, nitafagia mwenyewe," alisema. Alipiga funda moja, akageuka kurudi jikoni, kisha akasimama. "Na Tumpe, kwenye ile mizigo usinitilie nguo za baridi. Maji ya kule ni ya uvuguvugu."